Sunrise on the Reaping: Maswali Mnayoniuliza Kila Kukicha

Tangu kitabu hiki kifike mikononi mwangu hapa Kigoma, simu yangu haipumui. Nimekisifia kwenye daladala ya Ujiji, nimekisifia sokoni Mwanga, nimekisifia hata msibani, Mungu anisamehe. Matokeo yake watu wananiuliza mambo yale yale, nami nimechoka kuandika jibu moja mara kumi. Haya hapa yote. Palipo na siri ya hadithi nitasema mapema, ili asiyesoma apite pembeni.

Ni kitabu gani hasa?

Ni riwaya ya vijana ya Suzanne Collins, mwandishi wa Marekani, na ilitoka tarehe 18 Machi 2025. Ni ya tano katika mfululizo wa The Hunger Games.

Kwa ambaye hajawahi kuusikia: kuna nchi iitwayo Panem, iliyosimama pale ilipokuwa Amerika ya Kaskazini. Ina mji mkuu unaojaa shibe, Capitol, na wilaya 12 zinazoulisha mji huo huku zenyewe zikilala njaa. Wilaya ziliwahi kuasi zikashindwa. Adhabu yao ni kwamba kila mwaka kila wilaya itoe kwa kura mvulana mmoja na msichana mmoja, wa kati ya miaka 12 na 18, waingizwe uwanjani wauane hadi abaki mmoja. Nchi nzima inalazimishwa kuitazama Michezo hiyo kwenye televisheni.

Kitabu hiki kinarudi nyuma miaka 24 kabla ya kile cha kwanza, kwenye Michezo ya 50. Kila ikitimia miaka 25 Capitol hubuni ukatili wa ziada, na safari hii kila wilaya inatoa watu wanne. Washiriki 48 badala ya 24. Mhusika mkuu ni Haymitch Abernathy wa Wilaya ya 12, ambaye siku ya kura ndiyo siku anayotimiza miaka 16. Baba yake alifia mgodini, mama yake anafulia watu nguo, na yeye anasaidia kwa mpika gongo lakini gongo lenyewe halinywi. Mliomjua ukubwani mwake najua hapo mmeguna.

Sijasoma hata kimoja. Naweza kuanza na hiki?

Usianze nacho. Anza na The Hunger Games (2008), ufuate Catching Fire (2009) na Mockingjay (2010). Kisha The Ballad of Songbirds and Snakes (2020), kinachomhusu Rais Snow, mtawala wa Panem, akiwa kijana wa miaka 18, halafu ndipo uje huku. Yaani vile vile vilivyoandikwa.

Wapo wanaoshauri ufuate miaka ya hadithi, uanze na ujana wa Snow, kisha Haymitch, kisha Katniss, msimulizi wa vile vitatu vya kwanza. Siwaungi mkono hata kidogo. Haymitch wa kitabu cha kwanza ni mtu mzima, mlevi wa kupindukia, anayeporomoka jukwaani mbele ya kamera na watu wanacheka. Inabidi nawe uwe umeshamcheka. Bila hivyo, kijana wa kitabu hiki hatakuuma inavyostahili.

Mwenye haraka anaweza kusoma vile vitatu vya kwanza na kuja moja kwa moja. Atakachokosa ni asili ya Covey, ule ukoo wa wanamuziki anakotoka Lenore Dove, mpenzi wa Haymitch.

Lakini tunajua tangu zamani kwamba Haymitch anashinda. Sasa utamu uko wapi?

Aliyeniuliza hili kwanza ni kijana wa kidato cha nne, kwa dharau, kama mtu anayekataa kutazama mpira alioambiwa matokeo. Nilimshukuru, kwa sababu jibu lake ndilo sababu yangu ya kukipenda kitabu hiki kuliko vyote vinne.

Ni kweli tulishaambiwa. Kwenye Catching Fire, Katniss na Peeta, mshiriki mwenzake, wanautazama mkanda wa Michezo ya 50. Tulimwona Haymitch akikaidi njia waliyokwenda wenzake, tukamwona na Maysilee Donner, mshiriki mwenzake wa Wilaya ya 12, tukaona ujanja uliompa ushindi. Tuliufunga ukurasa tukiamini tumeona yote. Kwa zaidi ya miaka 15 wasomaji tulikuwa tukibishana kwa kutumia mkanda ule kama ushahidi.

Sasa Collins anampa Haymitch mdomo, naye anaanza kusimulia, na kidogo kidogo unatambua kwamba mkanda ulikatwa. Haukukatwa mahali pamoja tu. Na inaanza mapema, siku ile ile ya kura (hii haina siri kubwa, ni sura za mwanzo): mambo yanaharibika pale uwanjani, damu inamwagika, na wapiga picha wa Capitol badala ya kuzima mitambo wanawapanga watu upya na kuwaigizisha kura kana kwamba imekwenda salama. Kinachorushwa nchini ni igizo. Msimamizi wa kamera ni Plutarch Heavensbee, na waliosoma Mockingjay wanajua huyo bwana atakuja kuwa nani.

Kuanzia hapo usomaji wako unabadilika. Huulizi tena kama Haymitch atapona. Unauliza hili nalo walilifichaje? Kila anapofanya jambo la kishujaa moyo unakusinyaa, maana unakumbuka kwamba kwenye mkanda halikuwapo. Mwandishi ametumia ule ujuaji wetu dhidi yetu. Kuna wazo linalorudi mara kwa mara kitabuni, kwamba usikubali wapake mabango yao kwa damu yako, na Haymitch anahangaika nalo tangu mwanzo hadi mwisho. Anataka kuchora bango lake mwenyewe. Tatizo ni kwamba ukuta, rangi na kamera vyote ni vyao.

Mbona kila ukikisimulia unaishia Ujiji?

Kwa sababu sisi tunakaa kilomita chache kutoka kwenye mfano wake, na tumeuzoea mpaka hatuuoni.

Kila mtoto wa Kigoma amepelekwa kwenye mnara wa Ujiji, penye miembe, akaambiwa hapa ndipo Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Maneno ambayo Stanley alidai kuyasema siku ile, “Dr. Livingstone, I presume?”, dunia nzima inayajua. Lakini Livingstone katika maandishi yake hakuyataja, na katika shajara ya Stanley kurasa za mkutano huo zilichanwa. Hata tarehe hazilingani: Stanley aliandika 10 Novemba, wakati shajara ya Livingstone inaashiria mwishoni mwa Oktoba. Kilichobaki ni kile alichokichapisha Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kutafuta habari ya kuuza.

Na aliyetoka mbio kumwambia Livingstone kuna mzungu anakuja alikuwa Susi, mtumishi wake. Huyo Susi, pamoja na Chuma na wenzao, ndio walioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani baada ya kufariki mwaka 1873. Waulize watoto wangapi wanayajua majina hayo mawili. Kwenye mkanda wa Ujiji, Susi alikatwa.

Simlinganishi Stanley na Capitol, msinielewe vibaya. Nasema tu kwamba msomaji wa Ujiji hahitaji kufundishwa maana ya habari iliyohaririwa.

Hilo jina la kitabu lina maana gani?

Kwa Kiswahili ni kama “macheo ya siku ya kura”, na linatokana na mabishano ya Haymitch na Lenore Dove. Je, kwa kuwa jua limechomoza kila siku, ni lazima lichomoze na kesho? Na kwa kuwa kura imekuwapo kila mwaka, lazima iwepo na mwaka ujao? Haymitch anaona ndivyo dunia ilivyo. Lenore Dove anakataa katakata.

Hoja yenyewe ni ya mwanafalsafa wa Scotland wa karne ya 18, David Hume, aliyesema kwamba mazoea ya jana hayathibitishi kesho. Collins ameichukua pamoja na hoja nyingine ya Hume: inakuwaje watu wengi watawaliwe kwa urahisi namna ile na watu wachache, ilhali nguvu iko kwa walio wengi? Jibu la Hume ni kwamba watawala wanasimama juu ya maoni ya watu, si juu ya misuli. Ndiyo maana Capitol inaogopa kamera iliyoachwa wazi kuliko inavyoogopa shoka.

Ningependa kuona hoja hizi mbili zikifundishwa kidato cha tano kwa kutumia hadithi hii. Vijana wangezijadili hadi kengele ya mwisho.

Mwanangu yuko kidato cha kwanza. Nimruhusu asome?

Mama mmoja wa Katonga alinipigia kwa ajili hii, baada ya kumkuta binti yake analia na kitabu kwenye mapaja. Shikamoo tena mama, na jibu langu ni lile lile: hiki asubiri kidogo.

Hakuna mambo ya chumbani, mapenzi yanaishia kwenye busu. Lakini wanaokufa ni watoto, wengine wa miaka 12 na 13, na Collins hafumbi macho. Kati ya vitano naona hiki ndicho kizito zaidi, hasa kurasa za mwishoni. The Hunger Games cha kwanza mtoto wa kidato cha pili anakimudu. Hiki ningekiweka kidato cha tatu, na ningependa mkubwa mmoja nyumbani awe amekisoma, kwa sababu maswali yatakuja.

Kwa nini mtu aandike vita kwa ajili ya watoto?

Baba yake Collins alikuwa afisa wa jeshi la anga la Marekani, na alikwenda Vietnam wakati Suzanne (aliyezaliwa 1962) akiwa mtoto wa miaka sita hivi. Aliporudi aliwasomesha wanawe historia ya vita bila kuipaka sukari, hata kuwatembeza kwenye viwanja vya mapigano ya kale. Mwaka 2013 Collins aliandika kitabu cha picha cha watoto wadogo, Year of the Jungle, kuhusu mwaka ule wa kumsubiri baba.

Wazo la Michezo lenyewe amelieleza mara nyingi: usiku mmoja alikuwa akibadilisha chaneli za televisheni, huku vijana wanashindana kwenye kipindi cha burudani, huku kuna picha za vita vya Iraq, na kwa uchovu vile viwili vikaanza kuchanganyika kichwani. Akaongezea hadithi ya Kigiriki ya Theseus, ya vijana waliokuwa wakipelekwa kuliwa na Minotaur.

Sisi wa mkoa huu ambao tumekua tukiona watu wa Burundi na Kongo wakivuka kuja kwetu na watoto mgongoni, hatuwezi kujifanya kwamba watoto na vita ni vitu visivyojuana. Nasoma vitabu pamoja na vijana ambao bibi zao walikuja kwa miguu. Hao ndio wanaouelewa upesi mgawo wa nafaka na mafuta ambao watoto wa Panem wanaupata kwa kuongeza majina yao kwenye kura.

Kiingereza changu ni cha shule. Nitakiweza?

Utakiweza. Haymitch anasimulia kwa nafsi ya kwanza, wakati uliopo, kwa sentensi fupi, kama Katniss kwenye vile vitatu. Kilicho kigumu zaidi kwa lugha ni The Ballad of Songbirds and Snakes, na hata hicho hakitishi.

Utakapokwama ni kwenye nyimbo na hasa kwenye shairi la Edgar Allan Poe, The Raven, la mwaka 1845, ambalo jina la Lenore limetoka humo. Kiingereza chake ni cha kale. Usifungue kamusi kila mstari. Lisome kwa sauti, shika mapigo na vina, nenda mbele, maana yake itakufuata. Aliyesoma mashairi ya kimapokeo darasani anajua kwamba vina vikikaa vizuri hata usichokielewa kinakukaa kichwani. Toleo la sauti limesomwa na Jefferson White, na kusikiliza huku unafuata ukurasa kunasaidia sana.

Naomba PDF.

Sina, na ningekuwa nayo nisingekupa.

Najua mnaniona nina roho mbaya. Najua pia bei ya kitabu kipya kutoka nje inaweza kumaliza hela ya chakula cha wiki, kwa hiyo simhukumu mwanafunzi. Ila nimeona wenzetu waandishi wa hapa hapa nchini wakikata tamaa kwa mtindo huo huo: kitabu kinatoka Jumatatu, Ijumaa kiko kwenye magrupu yote ya WhatsApp. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na tuna COSOTA, ofisi ya hakimiliki, lakini hakuna ofisa atakayekaa ndani ya simu yako. Changeni watu watano mnunue nakala moja. Itawatosha wote na mtakuwa na cha kubishania.

Basi nikipate wapi nikiwa Kigoma? Na mimi wa Kasulu?

Njia niliyoizoea ni kumpata mtu Dar es Salaam. Piga simu maduka ya vitabu ya mjini kwanza, yule mtu wako asizunguke bure. Akishanunua, kifurushi kinapanda basi na unakichukua ofisi ya basi kwa kuonyesha risiti aliyokutumia kwa simu. Ni zaidi ya kilomita 1,200, kwa hiyo mwambie akifunge nailoni na katoni, na asikubali kiwekwe jirani na dumu la mafuta. Wa Kasulu na Kibondo, ulizeni basi linalopita kwenu badala ya kukisubiri kije Kigoma kisha kirudi.

Toleo la kielektroniki kwenye simu ni rahisi zaidi na halisafiri, ila uwe na kadi au namna ya kulipa mtandaoni. Omba jalada laini ukiona lipo, gumu ni ghali bure.

Utaniazima chako?

Hapana. Waulize walioazima Mockingjay yangu iko wapi, kisha uniulize tena.

Unampenda nani zaidi humo?

(Kama hujasoma Catching Fire, ruka.) Maysilee Donner. Kwenye mkanda alikuwa msichana tu anayekufa huku Haymitch amemshika mkono, na mwenye pini ya ndege ambayo baadaye ilimfikia Katniss. Humu tunamkuta binti wa wenye duka la peremende, mwenye maringo, mdomo kama wembe, ambaye Haymitch hawezi kumvumilia. Halafu anagoma kudharauliwa na watu wa Capitol, anawajibu kwa lugha yao, anadai uma na meza ya kulia kama mtu mwenye staha zake, na taratibu unagundua kwamba adabu yake ya mezani ni uasi kamili. Nilijua atakufa. Nilijua hata atakavyokufa. Haikunisaidia.

Hakina kasoro?

Kinazo. Mosi, wanajitokeza watu wengi mno tunaowajua kutoka vitabu vya nyuma: Plutarch, Beetee, Mags, Wiress, Effie. Panem inakuwa nchi ndogo kama mtaa. Baadhi yao wana kazi ya kweli, Beetee hasa, kwa sababu mwanawe ameingizwa Michezoni. Effie ningeishi bila yeye.

Pili, lile shairi la Poe limerudiwarudiwa mwishoni kuliko inavyohitajika. Nilianza kuruka mistari, na mimi siruki mistari.

Wanaolalamika kwamba ni kitabu cha kutafutia pesa wataje sura ya kibiashara tuizungumze. Kuuza kimeuza kweli, nakala zaidi ya milioni 1.5 za Kiingereza katika wiki ya kwanza. Lakini mwandishi aliyekaa miaka kumi kati ya Mockingjay na kile cha Snow hana dalili za haraka.

Kuna cha Kiswahili kinachofanana nacho?

Kipo, na ni cha mwaka 1951: Kusadikika cha Shaaban Robert. Mliolazimishwa kukisoma shuleni mkakichukia, rudini sasa. Nchi iko angani, sheria zake zinawakandamiza watu, na Karama anashtakiwa kwa kosa la kutaka kufundisha uanasheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mmoja aliteseka njiani, akarudi na jambo la kuwafaa watu, na malipo yake yakawa kifungo. Kiliandikwa wakati Mwingereza bado anatutawala, na hakuna mahali kinapomtaja.

Tofauti yake na Panem ni mahakama. Karama anasikilizwa mpaka mwisho, na maneno yake yanafungua milango ya gereza. Haymitch hana hata dakika moja ya namna hiyo. Vijana ninaosoma nao waliligundua wenyewe, wakagawanyika: nusu wanasema Shaaban Robert alikuwa na matumaini kupita kiasi, nusu wanasema Collins hana imani na maneno. Mimi niko na Shaaban Robert, lakini siku nyingine nahama.

Kwa hadithi ya vijana walioachwa wajitafutie wenyewe, Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo bado kinasimama.

Filamu lini?

Imepangwa kutoka 20 Novemba 2026. Mwongozaji ni Francis Lawrence, aliyeongoza zote isipokuwa ile ya kwanza ya 2012. Joseph Zada ndiye Haymitch, Whitney Peak ni Lenore Dove, Mckenna Grace ni Maysilee, na Ralph Fiennes amepewa Rais Snow. Someni kabla. Kutazama kwanza hadithi inayohusu uongo wa kamera ni kuingia mtegoni kwa miguu yako.

Nimemaliza usiku wa manane na nina hasira. Nifanyeje?

Lala. Asubuhi chukua Catching Fire, tafuta pale Katniss na Peeta wanapoweka ule mkanda, usome polepole ukiwa na kalamu. Andika pembeni kila kilichokatwa. Vijana wangu wameshaanza orodha yao na wanaongeza kila Jumamosi, kwa hiyo ukiona kitu ambacho wengine hawajakiona, nitumie.